Poni anajikuna hadi damu, na bosi anataka aogeshwe dawa ya ng'ombe

Daktari, salamu nyingi kutoka Jinja.

Mimi ni saisi. Kazi hii nilijifunzia Kenya, na sasa natunza farasi wa kupandisha watalii karibu na Bujagali, juu ya Mto Nile. Kati ya farasi wetu yupo poni jike wa rangi ya kahawia, tunamwita Asali. Ndiye wa kubeba watoto. Ni mpole mno, mtoto akimvuta sikio wala hageuki.

Bosi alimnunua upande wa Laikipia, kule kukavu. Mwaka wake wa kwanza hapa hakuwa na shida yoyote. Mwaka huu, mvua za Machi zilipoanza, nikaona anajisugua kwenye nguzo za ua. Sasa singa za shingoni zimekatika, vimebaki vipande vifupi vilivyosimama. Shina la mkia limekuwa kipara chenye magamba. Juu ya mabega ngozi imekuwa nene na ina mikunjo. Masikio yana vipele, na chini ya tumbo kuna vidonda vidogo vilivyofuatana katikati. Asubuhi nikienda kumtoa nakuta damu kwenye nguzo.

Farasi wengine aliokuwa akila nao hawana kitu. Hata hivyo bosi alisema ni upele na utaenea, akaagiza atengwe. Tumemhamishia shamba la chini, karibu na mto, pembeni mwa migomba, kwa sababu huko nyasi ni nzuri. Tangu ahamie huko hali imezidi kuwa mbaya.

Kila mtu ana lake. Wengine wanasema ni wale wadudu wa ziwani wanaokuja kwa makundi. Wengine wanasema apakwe oili chafu ya gari. Msimamizi wetu yeye amekwisha kununua dawa ya kuogesha ng'ombe, chupa imeandikwa amitraz, na anataka Jumamosi tumpulizie mwili mzima. Moyo wangu unakataa lakini sina sababu ya kumpa. Nilipojaribu kusema, niliambiwa mchafu ni mimi, nisiyesafisha farasi. Daktari, hilo limeniuma. Asali nampiga brashi kila siku kabla mimi mwenyewe sijanywa chai.

Naomba unieleze huu ni ugonjwa gani, kama utaambukiza wengine, na nifanye nini kwa pesa kidogo. Bosi anasema asipopona atauzwa, au azalishwe tu kwa kuwa hafai tena kubeba watoto. Nisaidie kabla ya Jumamosi.

Saisi wa Bujagali

*

Ndugu yangu saisi,

Naanza na Jumamosi, maana hapo hakuna nafasi ya kungoja. Dawa hiyo isimguse Asali. Amitraz ni dawa nzuri ya kupe kwa ng'ombe, ndiyo maana imejaa katika maduka yetu ya dawa za mifugo. Kwa farasi ni hatari. Inaingia mwilini na kuulegeza utumbo, utumbo unaacha kusukuma chakula, mavi yanakauka na kuziba, na farasi anashikwa na msokoto wa tumbo ambao unaweza kumuua siku kadhaa baada ya kuogeshwa. Farasi hata kutapika hawezi, kwa hiyo kilichoziba ndani hakina pa kutokea. Mpe msimamizi sababu hiyo, na mwombe asome maelezo ya chupa pamoja nawe: aone imeandikwa kwa mnyama gani. Chupa haijapotea bure, ng'ombe wa jirani wataitumia.

Ikiwa barua hii inakukuta tayari ameshapuliziwa, vaa glavu, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, rudia, kisha muite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo hata kama Asali anaonekana mzima. Angalia mavi yake. Farasi asiyetoa mavi, anayegeuka kutazama ubavu wake, anayelala na kuinuka, anayekataa nyasi, ni wa kukimbiliwa usiku huo huo.

Oili chafu nayo iache huko gereji. Inaunguza ngozi iliyochubuka, ina mabaki ya madini ya injini, na farasi ataila akijilamba au akiwakuna wenzake kwa meno.

Sasa ugonjwa wenyewe. Umenieleza mambo vizuri kiasi kwamba nusu ya kazi yangu umeifanya wewe. Singa, mabega, masikio, shina la mkia, mstari wa katikati ya tumbo: hapo ndipo usubi wanapopenda kuuma. Umeanza na mvua. Umemshika mmoja na kuwaacha aliokula nao bega kwa bega. Na umekuja mwaka wa pili baada ya kuhama kutoka nchi kavu. Vyote hivyo vinaelekea mahali pamoja: Asali ana mzio wa kuumwa na usubi.

Usubi ninaowasema ni vidudu vya urefu wa milimita moja hadi tatu, ambavyo wanasayansi huviita Culicoides. Jike ndiye anayenyonya damu, kwa sababu anaihitaji kukuza mayai yake. Akiuma anaacha mate kidogo chini ya ngozi. Kwa farasi wengi mate hayo hayana maana yoyote. Kwa wachache, mwili huyachukulia kama adui mkubwa na kuanzisha vita pale pale, na vita hiyo ndiyo mwasho. Kinachomtoa Asali damu si usubi, ni yeye mwenyewe anavyojisugua kutafuta nafuu. Wafugaji wa Queensland, Australia, walihangaika na mwasho huu miaka mingi, hadi miaka ya 1950 utafiti wa huko huko ulipoonyesha kuwa chanzo chake ni mzio wa usubi.

Mwaka wa kwanza hakuwa na kitu kwa sababu mwili haupati mzio wa kitu ambacho haujakutana nacho. Kwanza aliumwa, mwili ukajifunza, kisha mvua zilizofuata ukajibu. Farasi waliozaliwa Iceland wanajulikana sana kwa jambo hili. Wamekulia mahali ambapo usubi hawa hawakuwapo, na wakipelekwa Ulaya bara wengi wao huanza kuwashwa baada ya msimu mmoja au miwili. Kwa hiyo bosi akisema "mbona mwaka jana alikuwa mzima", hilo halipingi ninachokwambia. Linakubaliana nacho.

Wale wadudu wa Ziwa Victoria wanaoinuka juu ya maji kama moshi, wasingiziwe bure. Wanasumbua macho na kuingia kwenye chai, lakini hawaumi. Usubi wa Asali hawaji kwa makundi ya kutisha. Unaweza kukaa nao jioni nzima usiwaone. Ukitaka ushahidi wa kumwonyesha bosi, jua likianza kuzama simama na Asali kule chini penye utulivu, mulika tumbo lake na masikio kwa tochi ya simu, utazame kwa karibu. Utaona vidoa vyeusi vimetulia juu ya ngozi, na ukimpangusa kwa kitambaa cheupe vingine vitaacha alama ya damu. Bosi akiona kitambaa hicho, sidhani kama atarudia neno la uchafu.

Na hilo la uchafu lisikukae moyoni. Farasi anayepigwa brashi kila siku anapata mzio huu sawa na yule asiyeguswa.

Kabla hujakubali jibu langu lote, fanya uchunguzi mdogo, kwa sababu mwasho una milango mingi. Pasua manyoya ya shingoni mchana kwenye jua uangalie chawa na mayai yao, yamegandana na unywele karibu na ngozi. Kama mwasho ungekuwa mkiani peke yake ningeshuku minyoo ya tundu la nyuma. Bandika kipande cha selotepu kwenye ngozi ya mkundu asubuhi kabla hujamwosha, kibandue, mpe daktari akiangalie kwa hadubini. Mabaka ya duara yaliyopukutika nywele bila mwasho mkubwa huwa ni choa, nacho choa huambukiza, hata wewe. Upele wa utitiri hupenda zaidi miguu. Na wapo minyoo wembamba wanaokaa katika ukano mnene wa shingo ya farasi, ambao watoto wao huzunguka ndani ya ngozi ya tumbo na uso na kuwasha vibaya. Hao pia huletwa na usubi. Daktari akiwashuku atampa ivermektini ya kumeza iliyotengenezwa kwa ajili ya farasi. Ile sindano ya ng'ombe msimchome: farasi wamewahi kupata majipu mabaya sana pale sindano ilipoingia.

Mzio wenyewe hauambukizi. Asali hawezi kumpa mwenzake, wala wewe, wala mtoto anayempanda. Kwa hiyo kumtenga hakuna faida, na mahali alipotengwa ndipo penyewe pabaya. Usubi hutaga mayai penye unyevu na uozo: tope la pembeni mwa mto, mavi yaliyochanganyika na maji, ardhi inayolowa chini ya hori linalovuja, na kwa nchi yetu hii, vigogo vya migomba vilivyokatwa vikaachwa kuoza. Nyasi nzuri ulizozitaja zinastawi kwa maji yale yale yanayowalea usubi. Leo hii mpandisheni shamba la juu, penye upepo. Usubi ni dhaifu wa kuruka. Upepo wa kutikisa majani tu unawashinda. Kama hakuna hela ya kufanya jambo lingine lolote mwezi huu, hili fanyeni, ni bure.

Halafu saa. Usubi wana saa zao: kuanzia jua linapoinama hadi giza, kisha alfajiri hadi jua lipande, na usiku wa utulivu baada ya mvua pia. Sisi tuko kwenye ikweta, jua letu halibadilishi ratiba, hivyo unaweza kuweka kanuni ya mwaka mzima. Asali aingie bandani saa kumi na moja jioni na asitoke kabla ya saa mbili asubuhi. Mchana ale nje. Najua hapa mtagongana na biashara, maana safari za machweo ndizo watalii wanazozililia, na watoto humtaka Asali. Mpangieni safari za saa nne asubuhi. Machweo abebe farasi mwingine. Kosa ambalo nimeliona kwa wengi ni kumfungia farasi vizuri usiku kucha baada ya kumtembeza kando ya mto saa moja nzima usubi wakiwa kazini. Hapo mmefunga mlango wezi wakiwa ndani.

Banda lenyewe liwe kavu na mavi yatolewe kila siku. Usubi wengi hawapendi kuingia ndani, lakini mlango ukiwa wazi na taa inawaka wataingia. Kama banda lina umeme, feni kubwa ya kawaida ikimpulizia farasi tangu jioni inasaidia kuliko dawa nyingi za kupaka. Ifungwe juu asipoifikia, na waya usiwe mahali atakapoutafuna. Madirisha yazibwe kwa kitambaa chenye vitundu ambavyo punje ya ulezi haipiti. Chandarua cha kawaida cha mbu kina vitundu vikubwa mno, usubi hupita. Na vile tulivyogawiwa kwa ajili ya malaria ni vya watoto nyumbani, msivipeleke zizini.

Jambo ambalo ningelipigania kuliko yote ni vazi. Ulaya wanauza mavazi maalumu ya farasi wenye mzio huu, bei yake pamoja na kuyaleta huku inaumiza. Lakini fundi cherehani wa Jinja anaweza kukushonea. Chukua amerikani au shuka la pamba lililofumwa kwa kubana, rangi nyeupe au ya mwanga ili usimpikie joto. Pima kutoka nyuma ya masikio, shuka juu ya shingo, mgongo, hadi shina la mkia, na uongeze kipande cha kuufunika mkia hadi pale nyama yake inapoishia. Upana utoke katikati ya mgongo hadi chini ya kiwiko. Watu wengi huishia hapo, na tumbo linabaki wazi. Asali anaumwa tumboni, kwa hiyo ongeza kipande kipana kinachopita chini ya tumbo kutoka upande mmoja na kufungwa upande wa pili kwa vifungo vya utepe. Kipande cha shingo kiungane na cha mwili, kisiache mwanya mabegani, maana huo mwanya usubi wataupata. Mbele ya kifua weka mikunjo miwili ya ziada apate nafasi ya kunyoosha mguu akitembea. Mishono yote itazame nje, na pale mabegani weka ndani kitambaa laini, kama kipande cha shuka kuukuu, kisimchubue.

Mzoeze taratibu: kwanza anuse, kisha likae mgongoni dakika chache umemshika, kisha ufunge. Avalishwe jioni, avuliwe asubuhi, mchana wa jua asiwe nalo. Kila unapolivua pitisha mkono chini ya mabega na kifuani kutafuta joto au nywele zilizolala vibaya. Shona mawili, moja likifuliwa jingine livaliwe, kwa sababu vazi lenye jasho na magamba linawasha lenyewe. Litapasuka. Shona tena. Poni wengi niliowaona wakipona singa zao walipona kwa kitambaa kuliko kwa chupa.

Ngozi ilivyo sasa inataka upole. Mwoshe kwa maji baridi na sabuni ya dawa yenye klorheksidini, iache povu likae dakika kumi, usisugue magamba kwa nguvu, yaloweshe yatoke yenyewe. Msuuze vizuri na umwache akauke juani. Kama vidonda vinatoa usaha au vinanuka, au umeona funza wa nzi, hiyo ni kazi ya daktari. Kwenye ngozi nzima, ambako bado hakujachubuka, unaweza kutumia ile dawa ya maji meupe ya upele wa binadamu ambayo maduka ya dawa huiita BBE, yaani benzili benzoeti. Paka kwenye mizizi ya singa na mkia, lakini kwanza jaribu sehemu ndogo ya shingo ungoje hadi kesho yake uone kama inamkera. Isiguse kidonda, itamchoma. Isiguse mahali pa tandiko, na paka wa hapo nyumbani wasiilambe, ni sumu kwao. Juu ya vidonda vinavyokauka tabaka la vaselini safi linatosha. Usubi hawapendi kutua kwenye mafuta. Mchaichai na mafuta mengine ya kunukia hufukuza kwa muda mfupi tu, jasho likitoka yameisha. Zipo dawa za kundi la permethrini zinazotengenezwa kwa ajili ya farasi, daktari akikupatia ni nzuri, ila mabaki yake yasifike mtoni, huua samaki.

Utasikia pia kuhusu sindano ya steroidi. Ni kweli inakata mwasho kwa haraka, na mara nyingine daktari huichoma ili farasi aache kujiumiza, ngozi ipate kufunga. Lakini poni wana hatari ya pekee: steroidi inaweza kuwaletea ugonjwa wa ndani ya kwato, ule unaomfanya asimame ameegemea nyuma na kushindwa kukanyaga. Muulize daktari wazi kabla hajachoma, na kama Asali ni mnene mwambie. Usikubali mtu wa dukani akuuzie uchome mwenyewe.

Sasa nataka unisikilize kwa jambo ambalo hukuniuliza, na ambalo linawahusu farasi wenu wote. Usubi hawaleti mwasho tu. Ndio wanaobeba maradhi ya farasi ya Afrika, virusi vyenye aina 9, ambavyo katika sura yake kali huua zaidi ya nusu ya farasi vinavyowashika, mara nyingine karibu wote. Mwaka 1944 mtafiti R. M. du Toit wa Onderstepoort, Afrika Kusini, alionyesha kuwa usubi ndio wabebaji. Pundamilia hubeba virusi hivyo bila kuugua, na punda mara nyingi huugua kidogo tu, lakini farasi anaweza kuwa mzima asubuhi na kesho yake jioni amekufa. Dalili ni homa kali, mashimo yaliyo juu ya macho kuvimba, kupumua kwa shida, na povu jeupe kutoka puani. Chanjo ipo, hutolewa kila mwaka, na hupangwa na daktari. Muulize bosi farasi wake walichanjwa lini. Kama hakumbuki, hilo ndilo la kwanza kulipa, hata kabla ya feni.

Ukimweleza hivyo, bosi ataona kuwa kukausha shamba la chini si anasa ya poni mmoja. Zibeni hori linalovuja. Chimbeni mtaro maji ya kuoshea farasi yaende mbali. Samadi irundikwe mbali na banda, juu ya ardhi kavu, ifunikwe kwa turubai. Vigogo vya migomba baada ya kukata mkungu vipasuliwe vipande vyembamba na kutandazwa juani vikauke, na mwenye migomba akiwa jirani, nendeni kwa heshima mumweleze, kazi hiyo msaidieni. Kizazi cha usubi hukua kwa wiki chache tu katika joto letu, hivyo kazi irudiwe, hasa kabla ya mvua za Machi na zile za Septemba. Kiangazi cha Desemba hadi Februari atapumua zaidi. Mapumziko kamili kama ya majira ya baridi ya Ulaya hatuna.

Kuhusu kuuzwa na kuzalishwa. Mzio huu hauponi ukaisha, unatawaliwa. Akikingwa, singa zitaota tena, ngozi italainika, na atabeba watoto kama zamani, japo safari za jioni zimekwisha kwake. Kuzalishwa, hapana: mwelekeo wa mzio huu hurithiwa, na mtoto wake anaweza kuzaliwa nao hapo hapo penye usubi. Kama bosi ataamua kumuuza, auzwe kwa mtu wa nyanda kavu zenye upepo, na mnunuzi aambiwe kila kitu. Farasi kama huyu akirudishwa nchi kavu mara nyingi hupata nafuu bila dawa yoyote.

Kwa kuwa msimamizi hakukusikiliza mara ya kwanza, usiende kubishana naye mbele ya wenzako. Mtafute faragha asubuhi, mpe habari ya utumbo wa farasi na chupa ile, kisha mwombe muende pamoja kwa bosi na kitambaa chenu cheupe. Muombe bosi amwite daktari wa mifugo wa wilaya, au mtu mwenye uzoefu wa farasi kupitia chuo cha tiba ya mifugo cha Makerere, maana madaktari wetu wengi wamezoea ng'ombe na hawaoni farasi kila wiki. Siku akija, mwandalie haya: tarehe mwasho ulipoanza, picha za singa na tumbo ulizopiga kwa simu, kila kilichopakwa, tarehe ya chanjo na ya dawa ya minyoo. Na mwambie kama Asali ana mimba, kwa sababu dawa kadhaa hubadilika kwa jibu hilo.